Pete Zilizochelewa: Mgomo wa 1987 na Ubingwa wa Washington

Masimulizi mengi ya ubingwa huanzia siku ya fainali. Mimi nitaanzia tarehe 4 Oktoba 1987, katika uwanja wa RFK jijini Washington, siku ambayo maelfu ya viti vilikuwa vitupu na uwanjani walicheza watu ambao wiki chache kabla hawakuwa na timu. Walivaa jezi za Washington, waliongozwa na kocha wa Washington, na ushindi wao uliingizwa katika hesabu ya Washington. Wachezaji wenyewe walikuwa nje ya lango, wamegoma. Miezi minne baadaye klabu hiyo ilikuwa bingwa wa futiboli ya Kimarekani.

Swali ninalojadili ni hili: ubingwa ule ulikuwa wa nani? Jibu linalojulikana ni Doug Williams, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu hadi ubingwa akiwa kwotabeki. Jibu hilo ni la kweli na nitalieleza. Lakini kila niliposoma habari zake niliona mgomo unatajwa kama mvua iliyonyesha ikapita, kisha msimu ukaendelea. Mimi nadai kwamba Williams na mgomo ni habari moja. Kilichomtesa yeye kwa miaka mitano ndicho kilichowatoa wenzake nje ya lango mwaka 1987, na waliowasaidia kufika fainali ni watu ambao kazi yao ilikuwa kuuvunja mgomo huo.

Niseme kwanza mambo mawili ya majina. Klabu hii wakati ule iliitwa Redskins, neno linalowadhihaki wenyeji asilia wa Marekani kwa rangi ya ngozi yao. Liliachwa mwaka 2020 baada ya malalamiko ya miaka mingi, na tangu 2022 klabu inaitwa Commanders. Mimi nitasema Washington tu. Jambo la pili ni wale waliocheza wakati wa mgomo. Wamiliki wa timu waliwaita wachezaji mbadala. Wagomaji waliwaita kwa neno la Kiingereza ambalo maana yake ya asili ni kigaga cha kidonda. Kiswahili kinatupa "wavunja mgomo", ambalo si tusi na wala si pambo. Nitatumia "mbadala" ninapozungumzia uwanja, na "wavunja mgomo" ninapozungumzia kazi na mishahara, maana walikuwa yote mawili.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda na raga, mchezo wenyewe una wachezaji 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Isipofaulu, mpira huenda kwa mpinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni pointi 6, na teke linalofuata huongeza 1. Karibu kila jaribio hupitia mikononi mwa mtu mmoja, kwotabeki. Yeye ndiye anayesoma jinsi wapinzani walivyojipanga na kuamua kama atamkabidhi mwenzake mpira akimbie nao au ataurusha mbali. Kwa miongo mingi wamiliki na makocha waliiona nafasi hiyo kuwa ya akili na uongozi, na kwa sababu hiyo hiyo waliwanyima watu weusi. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni, akifika ligi ya kulipwa alihamishwa awe mkimbiaji, mdakaji au mlinzi. Marlin Briscoe alianza mechi kadhaa kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968. Mwaka uliofuata alikuwa Buffalo, mdakaji. Warren Moon alilazimika kwenda Kanada, akatwaa huko ubingwa mara tano mfululizo, ndipo timu ya Houston ikamchukua mwaka 1984.

Sasa mgomo. Ulianza tarehe 22 Septemba 1987, baada ya mechi mbili za msimu. Chama cha wachezaji kiliongozwa na Gene Upshaw, aliyewahi kuwa nguzo ya safu ya mbele ya Oakland Raiders. Dai kubwa lilikuwa uhuru wa kuhama. Mkataba wa mchezaji ulipokwisha, kwenye karatasi alikuwa na haki ya kuzungumza na timu nyingine. Lakini timu iliyomtaka ilipaswa kuifidia timu yake ya zamani kwa kuiachia nafasi zake za kuchagua vijana kutoka vyuoni, na timu ya zamani ilikuwa na haki ya kutoa ofa inayolingana na hiyo na kumbakiza. Ukizisoma kanuni hizi haraka unaweza kudhani ni za haki. Ukitazama matokeo yake, karibu hakuna mchezaji aliyehama. Mtu alibaki mali ya timu moja hadi timu yenyewe imchoke.

Chama kilikuwa kimegoma miaka mitano kabla, mwaka 1982. Mgomo ule ulidumu siku 57, viwanja vikafungwa, na msimu ukabaki na mechi 9 tu. (Bingwa wa msimu ule uliokatwa, kwa bahati ya ajabu, alikuwa Washington hiyo hiyo chini ya kocha yule yule, Joe Gibbs.) Wamiliki walikuwa wamejifunza. Safari hii waliamua kwamba ni mechi za wiki moja tu zitakazofutwa, kisha ligi itaendelea na watu wengine. Aliyesukuma mpango huo kuliko wengi ni Tex Schramm wa Dallas Cowboys. Tukumbuke hali ya miaka ile: mwaka 1981 Rais Reagan aliwafukuza kazi waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na ndege zikaendelea kuruka. Sisemi Schramm alimwiga Reagan. Nasema waajiri wa Marekani walikuwa wameona kwamba mgomaji anaweza kujazwa nafasi yake na siku ikapita.

Wavunja mgomo walitoka wapi? Wengi walikuwa vijana waliokatwa kwenye mazoezi ya Agosti, na wengine walibaki bila kazi ligi pinzani ya USFL ilipokufa. Kulikuwa na waliokuwa wameshaanza ajira nyingine kabisa. Kuwahukumu ni rahisi. Mimi nawaona kama watu waliofungiwa mlango mara nyingi, wakafunguliwa kwa wiki tatu na watu waliokuwa na shida yao wenyewe.

Timu hazikujiandaa sawasawa. New York Giants, waliokuwa mabingwa wa msimu uliotangulia, walichelewa, wakapoteza mechi zote tatu za mgomo na kumaliza msimu wakiwa na ushindi 6 na vipigo 9. Ubingwa wao uliisha bila wachezaji wao wengi kugusa mpira. Huko Philadelphia, mji wenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, mechi ya kwanza ya mbadala ilitazamwa na watu 4,074 tu, na kocha Buddy Ryan hakuficha kwamba aliwadharau watu aliopewa. Nao wakapoteza zote tatu. Washington ilifanya kinyume. Meneja mkuu, Bobby Beathard, alianza kutafuta watu mapema, na Gibbs aliwafundisha mbadala kwa bidii ile ile aliyowafundisha wachezaji wake wa kila siku.

Upande wa pili wa lango wachezaji wa Washington walifanya jambo ambalo hakuna timu nyingine ililifanya: hakuna hata mmoja wao aliyerudi kazini kabla ya mgomo kwisha. Hili si dogo. Joe Montana wa San Francisco alirudi. Steve Largent wa Seattle alirudi, na Lawrence Taylor wa Giants pia. Dallas walirudi mastaa kadhaa, wakiwemo Tony Dorsett, Randy White na kwotabeki Danny White. Hawa walikuwa watu wenye majina makubwa na fedha nyingi za kupoteza, na kila aliyevuka aliudhoofisha mgomo. Washington walikaa nje wote, kuanzia mastaa hadi wale ambao nafasi zao zilikuwa za mashaka. Doug Williams alikuwa mmoja wa hao wa mashaka. Alikuwa na umri wa miaka 32, kwotabeki wa akiba, na hundi nne za mechi zilimpita kama zilivyowapita wenzake.

Ndani ya uwanja mbadala walishinda. Tarehe 4 Oktoba waliifunga St. Louis 28 kwa 21. Mdakaji Anthony Allen alidaka mipira ya jumla ya yadi 255 siku hiyo, rekodi ya klabu, kutoka kwa Ed Rubbert, kwotabeki ambaye mashabiki wengi hawakuwa wamewahi kumsikia. Tarehe 11 waliwafunga Giants 38 kwa 12 ugenini. Kisha tarehe 15, siku ya Alhamisi, chama kikasalimu amri bila kupata mkataba. Wachezaji walirudi wakiwa tayari kucheza mwisho wa wiki, wakaambiwa kwamba muda wa kujiandikisha ulikuwa umekwisha Jumatano. Hawatacheza, na hawatalipwa. Ninapotafuta tukio moja linaloonyesha nani alishinda mgomo ule, nalichukua hili.

Kwa hiyo mechi ya tatu, Jumatatu usiku ya tarehe 19 Oktoba dhidi ya Dallas, ilichezwa na mbadala huku wenye nafasi zao wakitazama televisheni. (Mchana wa siku hiyo soko la hisa la New York lilianguka kwa zaidi ya asilimia 22, na kwa Wamarekani wengi hilo ndilo Jumatatu ile inalokumbukwa nalo.) Dallas iliingia ikiwa na mastaa wake waliovuka. Washington haikuwa na hata mmoja. Rubbert aliumia mapema na nafasi yake ikachukuliwa na Tony Robinson, aliyekuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Tennessee kabla hajahukumiwa kwa kosa la dawa za kulevya. Alikuwa bado anatumikia adhabu yake, akaruhusiwa kutoka ili acheze. Washington ilishinda 13 kwa 7. Baadaye filamu ya vichekesho iliyotoka mwaka 2000, The Replacements, ilichota wazo lake kwenye miezi hiyo. Baada ya mechi ile kundi lilivunjwa, na karibu wote wakarudi walikotoka.

Nifanye hesabu, kwa sababu hoja yangu inaitegemea. Washington ilimaliza msimu ikiwa na ushindi 11 na vipigo 4. Wachezaji wa kawaida walishinda 8 na kupoteza 4. Mbadala walishinda 3 na hawakupoteza. Katika kundi lao, Dallas, St. Louis na Philadelphia kila moja ilimaliza na 7 na 8. Tuchukulie mbadala wa Washington wangefungwa mechi zile tatu. Washington ingekuwa na 8 na 7. Dallas na St. Louis, kwa kuifunga Washington, zingekuwa na 8 na 7 pia. Timu tatu zingelingana na kundi lingeamuliwa kwa kanuni ndogo ndogo za kutenganisha. Siwezi kudai Washington ingetolewa. Ninachodai ni kwamba nafasi waliyoingia nayo kwenye mtoano, wakiwa vinara wa kundi bila wasiwasi, waliijengewa kwa sehemu na watu ambao mgomo wao ulikusudia kuwaweka nje.

Sasa nirudi kwa Williams. Alizaliwa Zachary, Louisiana, mwaka 1955, akasoma Grambling, chuo cha watu weusi chini ya kocha mashuhuri Eddie Robinson. Mwaka 1978 alichaguliwa na Tampa Bay, timu iliyokuwa imepoteza mechi zake 26 za kwanza tangu kuundwa. Mwaka uliofuata aliifikisha hatua ya mwisho kabla ya fainali. Katika misimu minne iliingia mtoano mara tatu. Malipo yake yalikuwa dola 120,000 kwa mwaka, chini ya kila kwotabeki mwingine aliyekuwa anaanza mechi, na chini hata ya baadhi ya wale waliokaa benchi. Mkataba ulipokwisha baada ya msimu wa 1982 aliomba 600,000. Mmiliki, Hugh Culverhouse, akasimama kwenye 400,000.

Hapa ndipo kanuni niliyoieleza inapokutana na maisha ya mtu. Williams alikuwa na mkataba uliokwisha na sifa ya kuifufua timu. Katika soko la kawaida angezungumza na timu nyingine 27. Katika ligi ile hakuwa na pa kwenda. Mke wake alifariki Aprili 1983 kwa uvimbe wa ubongo, akimwachia mtoto mchanga wa kike, na mwaka ule hakucheza. Tampa bila yeye ilishinda mechi 2 kati ya 16. Akaenda USFL, ligi mpya, akacheza hadi ilipoporomoka mwaka 1986. Ligi hiyo ilikuwa imeishtaki NFL kwa kuhodhi soko, ikashinda kesi, na baraza la mahakama likaipa fidia ya dola 1.

Aliyempigia simu ni Gibbs, ambaye alikuwa kocha msaidizi Tampa mwaka 1978. Alimtaka awe nyuma ya kijana Jay Schroeder. Williams alikubali, na katika msimu mzima wa 1986 alirusha mpira mara moja tu, haukudakwa. Kabla ya msimu wa 1987 alikaribia kuuzwa kwa Raiders, Gibbs akabadili mawazo. Katika mechi ya kwanza Schroeder aliumia, Williams akaingia na kushinda. Schroeder akarudi, akayumba, Williams akaingia tena. Katika mechi ya mwisho ya msimu, dhidi ya Minnesota, aliingia kutoka benchi na timu ikashinda 27 kwa 24 katika muda wa nyongeza. Gibbs akatangaza kwamba mtoano ni wake.

Klabu yenyewe ilikuwa na historia inayofanya tangazo hilo liwe zito. Washington ilikuwa timu ya mwisho katika ligi kukubali wachezaji weusi, mwaka 1962. Mmiliki wake wa wakati ule, George Preston Marshall, alikataa hadi serikali ya Kennedy ilipomwambia, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi Stewart Udall, kwamba uwanja wake mpya uko kwenye ardhi ya serikali na asingeruhusiwa kubagua ndani yake. Ndipo alipoletwa Bobby Mitchell kutoka Cleveland. Uwanja huo ndio ulioitwa RFK baadaye, na mwaka 1987 Mitchell alikuwa bado pale, ofisini, katika uongozi wa klabu. Ilikuwa miaka 25 tu tangu siku zake.

Wala mjadala haukuwa umekwisha nje ya klabu. Aprili 1987 kiongozi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Al Campanis, alisema kwenye televisheni kwamba huenda watu weusi hawana kinachohitajika kuwa makocha na mameneja, akapoteza kazi. Tarehe 15 Januari 1988, siku mbili kabla ya mechi ya kuingia fainali, mchambuzi wa CBS aliyejulikana kama Jimmy the Greek alikuwa mgahawani Washington, akamwambia mwandishi kwamba wanariadha weusi wamezidi wengine kwa sababu mabwana wa watumwa waliwazalisha kwa kuchagua. Kesho yake alifukuzwa. Keshokutwa Williams alishuka uwanjani RFK.

Kabla ya hapo, tarehe 10 Januari, walikuwa wamekwenda Chicago kwenye baridi kali. Walikuwa nyuma 14 kwa 0, wakasawazisha, na Darrell Green akaupokea mpira uliopigwa na Chicago na kukimbia nao yadi 52 hadi mwisho, akijishika mbavu alizoziumiza kwa kumruka mpinzani njiani. Waliondoka na 21 kwa 17. Dhidi ya Minnesota, Williams hakung'ara: mipira 9 tu kati ya 26 ndiyo iliyofika. Lakini miwili kati ya hiyo ilikuwa mabao, na Green akaupangua mpira wa mwisho wa Minnesota karibu na mstari. 17 kwa 10. Inafaa kusema kwamba Minnesota hii ilikuwa imepoteza mechi zake zote tatu za mgomo na bado ikafika hapo, ikiifunga njiani San Francisco iliyoshinda 13 kati ya 15. Ukweli huu unaipunguza nguvu hesabu niliyoifanya juu, na sitaki kuuficha: timu iliyokosa msaada wa mbadala nayo iliweza kufika. Tofauti ni kwamba mechi ile Minnesota ilikuwa mgeni, na Washington ilikuwa nyumbani.

Fainali, Super Bowl ya 22, ilichezwa San Diego tarehe 31 Januari 1988 dhidi ya Denver ya John Elway, aliyetajwa mchezaji bora wa msimu. Wiki nzima kabla yake waandishi walimuuliza Williams juu ya rangi yake. Kuna hadithi maarufu kwamba mmoja alimuuliza amekuwa kwotabeki mweusi kwa muda gani. Hadithi hii inarudiwa sana kwa sababu inachekesha. Inavyoelekea, mwandishi husika alisema kitu tofauti: kwamba ni wazi amekuwa mweusi maisha yake yote, je, lilianza lini kuwa jambo la kujali? Ni swali zuri. Lilisikika vibaya, likapotoshwa, na kwa miaka mingi aliyeliuliza akaonekana mjinga. Mwanahistoria anayetegemea kumbukumbu za wanamichezo inampasa akae na mfano huu karibu.

Siku moja kabla ya fainali Williams alitibiwa mzizi wa jino. Katika mchezo wa kwanza wa Denver, Elway alirusha mpira wa yadi 56 uliokuwa bao. Robo ya kwanza ilikwisha Denver ikiongoza 10 kwa 0, na kabla haijakwisha Williams aliteleza na kuumia goti, Schroeder akaingia. Robo ya pili Williams akarudi. Kilichofuata huwa kinaonyeshwa hadi leo: mpira wa yadi 80 kwa Ricky Sanders, wa yadi 27 kwa Gary Clark, mbio za yadi 58 za kijana Timmy Smith, yadi 50 tena kwa Sanders, na yadi 8 kwa Clint Didier. Mabao matano, pointi 35, katika michezo 18 tu. Mabao manne yalitoka mkononi mwa Williams. Matokeo ya mwisho yalikuwa 42 kwa 10. Alikuwa amerusha yadi 340 na akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Smith, ambaye msimu huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza ligi, alikimbia yadi 204, rekodi ya fainali ambayo haijavunjwa. Eddie Robinson wa Grambling alikuwapo San Diego na akamkumbatia mwanafunzi wake. Kwotabeki mweusi wa pili kutwaa ubingwa huo alikuwa Russell Wilson wa Seattle, Februari 2014. Miaka 26 ilipita.

Na ule uhuru wa kuhama? Siku mgomo ulipokwisha, chama kilihamia mahakamani. Mwaka 1989 kilijivua kabisa hadhi ya kujadiliana kwa niaba ya wachezaji, ili wachezaji waweze kuwashtaki wamiliki wao wenyewe. Mwaka 1992 baraza la mahakama huko Minneapolis liliona, katika kesi iliyobeba jina la Freeman McNeil wa New York Jets, kwamba kanuni za kuhama zilivunja sheria ya ushindani. Mwaka 1993 mkataba mpya uliruhusu wachezaji kuhama, na Reggie White, aliyekuwa mlinzi wa kuogopwa kuliko wote, akaondoka Philadelphia kwenda Green Bay. Kitu alichokitaka Williams mwaka 1983, yaani kuuliza bei yake kwa mwajiri wa pili, kilipatikana miaka kumi baadaye. Yeye alikuwa ameachwa na Washington tangu 1990.

Kila mchezaji bingwa hupewa pete. Wachezaji wa Washington walipewa za kwao mwaka 1988. Walioifunga St. Louis, Giants na Dallas hawakupewa. Kwa wagomaji wengi hilo lilikuwa sahihi, na naelewa kwa nini: pete ingekuwa shukrani kwa watu waliowakosesha mkataba. Lakini klabu ilizihesabu mechi zile tatu. Haikuwezekana ushindi uwe halali na walioshinda wasiwepo. Mwaka 2017 kituo cha ESPN kilionyesha filamu ya kumbukumbu kuhusu kundi lile, watu wakaanza kuuliza, na mwaka 2018 klabu ikawaita wachezaji mbadala na kuwakabidhi pete zao, miaka 30 baada ya fainali. Wakati huo Doug Williams, aliyekuwa nje ya lango kwa wiki zote za mgomo, alikuwa katika uongozi wa klabu hiyo hiyo, akisimamia masuala ya wachezaji.